Sherifu wa Wakaliga Hana Farasi

Ukitaka kumuudhi mpenda sanaa wa Kampala, mtajie Wakaliga. Atakunja uso, kisha atakusomea hukumu ambayo kwa kurudiwarudiwa kwenye maonyesho, vyuoni na katika mikahawa ya Kololo imekuwa kama sala: kwamba filamu za mtaa ule ni mzaha uliopitiliza, kwamba ni picha za makauboi na makomando wa Marekani zilizoigwa na watu wasiojua hata kuiga, kwamba wageni wanazipenda kwa sababu wanatucheka, na kwamba siku Uganda itakapopata pesa za kutengeneza sinema ya maana tutazizika bila matanga. Wanaosema hivyo ni watu ninaowaheshimu, na baadhi yao wamenifundisha mengi. Kwa hili wamekosea kuanzia utosini hadi unyayoni.

Tumwite kwanza mshtakiwa. *Who Killed Captain Alex?* ilitoka mwaka 2010. Ni kazi ya Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, ajiitaye Nabwana I.G.G., chini ya kampuni yake ya Ramon Film Productions, jina alilolichota kwa bibi zake wawili, Rachel na Monica. Gharama yake inatajwa kuwa haikuzidi dola 200, na mwenyewe amewahi kusema zilikuwa 85 tu. Kabla ya kamera alikuwa mfyatua matofali. Kompyuta aliiunganisha kwa vipuri vilivyokwisha kutumika, studio ni nyumbani kwake, na bunduki zilichomelewa na fundi wake Dauda Bisaso kwa mabomba na vyuma chakavu. Kisa chenyewe hakina kona nyingi. Kapteni Alex wa jeshi la Uganda anatumwa kuwafagia Tiger Mafia, genge la mtu aitwaye Richard linaloitia Kampala kiwewe. Anamkamata ndugu yake Richard, Richard anataka kisasi. Alex anauawa, na sasa ndugu yake Alex, bingwa wa kung-fu, naye anataka kisasi. Helikopta inaangusha mabomu juu ya majengo ya mji. Filamu inakwisha, na aliyemuua Alex hatuambiwi.

Mvue Alex magwanda umpachike nyota ya bati kifuani, mpe Richard kofia pana na farasi, na utakuwa umepata picha la kikauboi lililo kamili: mji usio na sheria, mwanamume mmoja wa serikali, jambazi mwenye ndugu, na damu inayodai damu.

Hapo mlalamikaji ananidaka. Unaona, umekiri mwenyewe, wameiga! Nami namuuliza, wameiga ya nani? Picha la kikauboi halijawahi kuwa na mwenyewe. Lile linalohesabiwa kuwa babu wa yote, *The Great Train Robbery* la mwaka 1903, lilipigwa New Jersey, jirani na New York, safari ya siku nyingi kutoka nchi ya makauboi. Miaka ya 1930, pembeni mwa studio kubwa za Hollywood, kulikuwa na vikampuni ambavyo Wamarekani wenyewe walivibandika jina la mtaa wa makabwela. Kati ya 1933 na 1935 John Wayne alicheza filamu 16 za namna hiyo chini ya nembo ya Lone Star: siku chache za kupiga, vilima vile vile, watu wale wale wakibadilishana kofia. Kijana wa Wakaliga anayekufa mwanzoni akiwa askari na kufufuka baadaye akiwa jambazi angejiona yuko nyumbani pale. Mwaka 1939 Wayne alipanda gari la farasi la *Stagecoach* na wakubwa wakamwona. Namna ya kukaa juu ya farasi, na namna ya kusema neno moja pale neno moja linapotosha, alikuwa ameshajifunza kwa makabwela.

Mwaka 1964 akaja Sergio Leone, Mwitaliano asiyejua Kiingereza, akapiga *A Fistful of Dollars* katika jangwa la Almería, Hispania, kwa fedha ambazo Hollywood ingezitumia kwa chakula cha mchana. Kisa alikichota bila kubisha hodi katika *Yojimbo*, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa ya mwaka 1961, na kampuni ya Japani ikadai haki yake ikalipwa. Clint Eastwood naye hakujua Kitaliano. Kila mwigizaji alisema lugha aliyoijua, kisha sauti zikabandikwa baadaye. Miaka miwili tu mbele, nchini Niger, Moustapha Alassane akatengeneza *Le Retour d'un aventurier*: kijana anarudi kijijini kutoka Marekani na sanduku la nguo za kikauboi, wenzake wanazivaa, na ghafla kijiji kina majambazi na sherifu wake. Hiyo ni 1966. Anayedhani Mwafrika kushika bastola ya sinema ni ushamba mpya wa mitandao, amechelewa kuamka kwa nusu karne na ushei.

Nabwana amewataja waliomtia wazimu wa sinema: Chuck Norris, na wale wawili ambao kila kibanda cha Afrika Mashariki kiliwajua, Bud Spencer na Terence Hill. Wapenzi wao wengi hawakujua kwamba hao ni Carlo Pedersoli na Mario Girotti, Waitaliano waliojipa majina ya Kimarekani ili biashara iende. Katika filamu yao ya mwaka 1970 iliyomzaa Trinity, Bud Spencer ni mwizi wa farasi anayejifanya sherifu. Mji mzima unamwamkia mwizi, na mwizi anafanya kazi ya sherifu vizuri kuliko masherifu. Basi Mganda aliyewapenda Waitaliano waliojifanya Wamarekani, warithi wa Mwitaliano mwingine aliyechota kisa cha Mjapani, mwambie wewe mali hiyo airudishe kwa nani.

Kuna jambo lililo zito zaidi, nalo ni kwamba Nabwana utotoni hakuziona hizo filamu. Kaka yake, Kizito, ndiye aliyekwenda kutazama, akirudi anamsimulia mdogo wake aliyebaki nyumbani. Mtoto akazijua ngumi za Bud Spencer kwa masikio, akachora helikopta kichwani kwa maneno ya mtu mwingine. Sinema ilimfikia kama hadithi inavyomfikia mtoto yeyote wa kwetu: kupitia kinywa cha mkubwa anayeongeza chumvi. Sasa tazama helikopta ya *Captain Alex* ikielea juu ya Kampala, imebandikwa pale kwa kompyuta, haina uzito wala kivuli cha kuaminika. Mlalamikaji anaona ufundi duni. Mimi naona helikopta ilivyo katika simulizi, kitu kinachotokea mara tu msimulizi anapokitaja na kufanya kilichotakiwa bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa bahati Kurosawa naye alikuwa na kaka wa namna hiyo. Heigo Kurosawa alikuwa benshi, mmoja wa wasimulizi waliosimama kando ya pazia katika majumba ya sinema ya Japani enzi za filamu zisizo na sauti, wakieleza kisa, wakiwasemea waigizaji wote, wakilia na kucheka kwa niaba yao. Watu walilipa kumsikiliza benshi fulani kama wanavyolipa leo kumfuata mwanamuziki. Leo wanahistoria wanawaandikia vitabu.

Sisi wasimulizi wetu tunawaita waharibifu. Ingia kibanda chochote cha video cha Kampala, wanachokiita Dar kibanda umiza, uone kazi inavyofanyika. Mabati juu, mbao pembeni, mwanga umezibwa kwa vitambaa, mabenchi yasiyo na pa kuegemea, nje ubao wa chaki wenye ratiba ya leo. Sauti ya VJ, kama msimulizi huyo anavyoitwa, imekwisha kuunganishwa na filamu, au, kama kibanda ni cha hadhi, mwenyewe yupo na mikrofoni yake. Mkono mmoja uko kwenye kitufe: stelingi akifungua kinywa, Kiingereza chake kinashushwa na Kiganda kinapanda juu yake, bunduki ikilia sauti ya filamu inarudishwa kwa nguvu zote. Polisi wa Texas anapewa jina la jirani. Barabara anayokimbilia inapewa jina la barabara waliyoijia watazamaji. Akikosea shabaha, VJ anamsuta, na benchi la nyuma linamsuta pia. Anayesema huku ni kutafsiri vibaya angekwenda pia kumshtaki manju wa ngoma kwamba hakufuata maandishi.

Kazi hii inajulikana pwani hadi maziwa. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye kwa watu wengi sauti yake ndiyo iliyokuwa filamu. Kenya ina DJ Afro, na wapo watu wazima Nairobi ambao hawataki kutazama picha la mapigano likisema peke yake. Alichofanya Nabwana ni kumwingiza msimulizi ndani ya kazi yenyewe. VJ Emmie ndani ya *Captain Alex* anatangaza, anasifu, anatania waigizaji, anatuahidi mapigano kabla hayajafika na kuisanifu filamu pale inapolegea. Kwa hiyo hukumu ile kwamba watazamaji wanaicheka bila yenyewe kujua inaanguka hapo hapo. Filamu imecheka kwanza. Imekuwekea mcheshi sikioni akuongoze wapi pa kuchekea na wapi pa kushangilia, na anayeangua kicheko akidhani amewazidi akili watengenezaji amefanya alichotayarishiwa kufanya.

Tuje kwenye aibu. Inasemwa kwamba mafuriko haya ya risasi hayatuhusu, yametoka ng'ambo, yanaichafua sura ya nchi mbele ya watalii. Nashindwa kujua Kampala inayozungumzwa ni ipi. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilitoa amri ya kisheria dhidi ya watuhumiwa wa ujambazi, iliyowapa askari ruhusa pana ya kuwapiga risasi waliowaita kondo, na raia wengi ambao hawakuwahi kuiba hata embe wakafa kwa jina hilo. Miaka ya mwanzo ya 1980, chini ya utawala wa pili wa Obote, wakazi wa mitaa ya Kampala walizingirwa alfajiri wakaamrishwa kwa Kiswahili, panda gari, na wengine waliopanda hawakushuka tena. (Ndiyo sababu mojawapo, nikitoka kidogo nje ya mada, ya wazee wengi wa Buganda kuisikia lugha yetu hii kama mlio wa kitako cha bunduki mlangoni.) Mwaka 2002 ikaja Operesheni Wembley chini ya Kanali Elly Kayanja, kuwasaka majambazi wenye silaha. Ujambazi ulipungua, wenye maduka wakashukuru, na mashirika ya haki za binadamu yakauliza ni nani aliyewahukumu waliouawa. Sherifu anayefanana na jambazi Kampala hakumjua kwa Clint Eastwood.

Nabwana husema anatengeneza vichekesho, nami sina sababu ya kumlazimishia siasa. Lakini mtazamaji haachi kumbukumbu zake mlangoni pamoja na viatu. Kila mtoto aliyekulia vibandani anaijua kanuni: stelingi hafi. Akipigwa risasi, imempata begani. Akitumbukia mtoni, ataibukia mbele. Sasa katika *Captain Alex* stelingi, mtu wa serikali, aliyepewa jina katika kichwa cha filamu, anakufa kabla mambo hayajafika nusu njia, bila heshima ya pambano la mwisho, na kila mmoja anamshuku mwenzake hadi mwisho. Hakuna anayekamatwa kwa kosa hilo. Nchi iliyounda tume ya Jaji Arthur Oder mwaka 1986 kuchunguza maovu ya tangu 1962, ikapata ripoti mwaka 1994, na bado ina familia zisizojua nani alimchukua baba, inakielewa kichwa kile cha filamu bila kufundishwa. Filamu nyingi nadhifu za hapa kwetu, zenye taa nzuri na wafadhili kutoka Ulaya, zinafunga kila fundo. Hii ya dola 85 imeliacha fundo lake wazi. Inawezekana ilitokea kwa bahati, au kwa haraka. Naipokea hivyo hivyo.

Halafu wanaotucheka. Sikatai, wapo. Nimesoma makala za kigeni zinazozungumzia Wakaliga kwa sauti ile ya mtu anayempapasa mtoto kichwani: tazama, maskini hawa, mfereji wa maji machafu uko mlangoni, lakini wana furaha iliyoje. Inachefua. Ila angalia huyo mwandishi na mlalamikaji wetu wa Kololo wanavyokubaliana. Wote wawili wanaipima filamu kwa bei yake. Mmoja anasema ni rahisi hivyo inapendeza, mwingine anasema ni rahisi hivyo inaaibisha, na hakuna kati yao aliyejishughulisha kuuliza pigano hili limepangwaje, mbona mkato huu unachekesha, mbona watoto hawa wanaruka vizuri namna hii.

Na Wakaliga walishawajibu wote kwa *Bad Black* ya mwaka 2016. Alan Ssali Hofmanis, Mmarekani wa New York aliyeiona sehemu fupi ya filamu ya Nabwana, akapanda ndege na hatimaye akahamia kabisa, anacheza daktari wa kizungu anayeporwa Kampala na mwanamke jambazi anayeitwa Bad Black. Vidani vya kijeshi vya familia yake vimechukuliwa. Katika picha la kikauboi la kawaida, hapo ndipo mgeni mweupe anapokaza mkanda na kuufundisha mji adabu. Huyu hawezi hata kurusha ngumi. Anafundishwa na mtoto mdogo wa mtaani ambaye jina lake ndani ya filamu ni Wesley Snipes, anakimbizwa, anafokewa, anapigishwa mazoezi hadi anakuwa komando wa kujazia. Kitu kinachoitwa mzungu mwokozi, ambacho maprofesa wetu wamekiandikia kurasa nyingi, mtoto wa Wakaliga amekivunja kwa kofi moja la kisogo, na ukumbi mzima wa wazungu, kule Fantastic Fest jijini Austin, ukaipa filamu ile tuzo ya watazamaji. Walikuwa wanamcheka nani siku ile?

Nisije nikaonekana wakili anayetetea kila kitu. Kuna filamu za Wakaliga zinazochosha: mapigano yanazidi urefu wa pumzi, wanawake mara nyingi wanapewa kulia au kupiga mateke bila la katikati, na yapo maneno ambayo hata ukitega sikio huyasikii kwa ubovu wa sauti. Hayo ni makosa, na mengine pesa ingeyaponya. Ubunifu nao umekuwa ukisukumwa na afya kuliko urembo: damu ya mwanzo ilikuwa ya ng'ombe, hadi mwigizaji alipougua, ndipo wakahamia rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu zinazogawiwa bure, zikafungwa chini ya shati zipasuke kwa kuvutwa kamba. Ukiitazama ile damu ikiruka, na kujua imetokana na nini, utaelewa kwa nini sitaki kusikia neno uvivu.

Umaskini ulipoiumiza kweli sinema hii, wala haikuwa kwenye helikopta. Filamu ikishakamilika, waigizaji wenyewe walizibeba diski wakaziuza mlango kwa mlango, wengine wakivaa mavazi ya kwenye filamu, na walikuwa na takriban wiki moja ya kuuza kabla wanakili wa mjini hawajaifurika mitaa kwa nakala zao. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 ilikuwapo tayari. Nabwana alipopeleka *Crazy World* kwenye tamasha la Toronto mwaka 2019, ndani yake kulikuwa na doria ya makomando wanaokatiza hadithi ili kuwasaka wanaonakili filamu yenyewe. Toronto walicheka sana. Kwa mtu aliyekuwa akiuza diski Nateete ile ilikuwa ripoti ya polisi ambayo haikupata pa kuandikishwa.

Na *Captain Alex* ya asili, ile isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Diski ya kompyuta ilijaa, kazi nyingine ilikuwa inasubiri, Nabwana akaifuta. Kilichobaki ni nakala iliyokuwa imebanwa kwa ajili ya kuuza. Wakosoaji waliopoteza miaka hii yote wakijadili kama filamu ile inaiaibisha nchi hawakumpa hata diski moja ya kuhifadhia. Serikali kupitia tume ya mawasiliano ilianzisha tamasha la filamu mwaka 2013, zulia jekundu likatandikwa, tuzo zikatolewa, lakini chumba baridi chenye rafu na mtu wa kuzitunza filamu za watu wa namna hii hakikuwa sehemu ya sherehe. Waliokuja kuikusanya, kuisafisha ilivyowezekana na kuitoa upya kwenye diski ya Blu-ray mwaka 2019 pamoja na *Bad Black*, ni hifadhi moja ya filamu za bei rahisi, yenye makao yake Austin, Texas, nchi ya makauboi wenyewe. Mwanafunzi wa Makerere anayeitaka diski hiyo ataiagiza huko, na ikifika Entebbe ataitolea ushuru.